Mrija wa Kushoto

Sura ya Saba

Pale uwanja wa ndege walimwita Shangazi, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Shangazi wa kweli huja nyumbani palipoharibika jambo, huketi kabla hajakaribishwa, huuliza nani alikuwa wapi na nani alisema nini, wala haondoki mpaka ameridhika. Huyu naye kazi yake ndiyo hiyo hiyo, ila alitumwa na serikali, na nyumba alizoziingilia zilikuwa za ndege zilizoanguka.

Siku ya tatu baada ya ndege ndogo ya abiria kupitiliza mwisho wa barabara ya kurukia na kuzamisha pua mtaroni, alikuwa amesimama ndani ya karakana, chini ya ndege nyingine. Zilikuwa pacha: kampuni moja, umri mmoja, rangi moja. Pacha wa kwanza alikuwa bado mtaroni. Wa pili alitakiwa kuruka saa nane mchana na watu ishirini na saba, na hangeruka bila saini ya Shangazi.

"Shangazi, watu wamekata tiketi," alisema Meneja wa kampuni. Alikuwa ameshalisema mara nne tangu asubuhi. "Huwezi kufunga shule nzima kwa sababu mtoto mmoja amekohoa."

"Hakukohoa. Rubani wako msaidizi hajaisikia miguu yake tangu juzi."

Meneja aliangalia saa yake. Kuna watu wa namna hiyo: ukiwatajia mgonjwa, wanaangalia saa.

"Kapteni alichelewa kufunga breki," alisema. "Kila mtu anajua. Andika kosa la rubani, tuzike maneno."

"Nikishajua kwa nini alichelewa, nitaandika."

Alipanda ngazi. Fundi mkuu wa karakana alikuwa ameishika kwa chini, mwanamume wa makamo, mpole, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, na Shangazi alikuwa hajamkuta na kosa hata moja kwenye mafaili.

Ndege haijui mwendo wake kwa magurudumu. Ikishaiacha ardhi haina cha kugusa ila hewa, kwa hiyo huipima hewa yenyewe. Chini ya pua ya ndege ile kulitokeza mirija mitatu ya chuma, kila mmoja na urefu wa kalamu mbili, mdomo wazi ukielekea mbele ili umeze upepo wa safari. Ubavuni kulikuwa na vitundu vingine, vya kuonja hewa iliyotulia. Geji zilizo mbele ya marubani hulinganisha msukumo wa mbele na utulivu wa ubavuni, na tofauti hiyo ndiyo mwendo. Ukitoa mkono nje ya dirisha la gari utajua kama linakimbia hata ukiwa umefumba macho. Ndege nayo imetoa mkono. Mrija wa kushoto unailisha geji ya kapteni, wa kulia ya msaidizi, wa kati ni wa akiba. Uzibe mdomo wa mrija, na geji itakudanganya kwa uso mkavu kabisa.

Na mrija wa kushoto wa ndege iliyoanguka ulikutwa umejaa tope. Lilikuwa tope la mtaroni au la kitu kingine? Shangazi aliinua macho darini. Kwenye pembe za vyuma, juu kabisa ya mahali ndege ile ilipokuwa ikilala, kulikuwa na viota saba vya nyigu, wale wanaojenga kwa udongo. Nyigu hao wanapenda sana tundu la ukubwa wa kidole cha mwisho.

"Hawa wako hapa tangu lini?"

"Hawa? Wametukuta, tumewakuta, sijui," alisema Fundi. "Ndiyo maana ndege ikilala tunaivisha."

Mirija ilivishwa vifuniko vya kitambaa chekundu, kila kimoja na utepe mrefu unaoning'inia ili hata mwenye mawazo mengi auone. Asubuhi vikivuliwa vilitundikwa ukutani, kwenye misumari mitatu iliyopigwa karibu na mlango. Karakana nzima iliishi kwa misumari hiyo. Kapteni akishakaa kwenye kiti chake alifungua kidirisha na kupiga kelele, "Misumari?" na Fundi, akiwa ametazama ukuta, alinyoosha vidole vitatu. Vidole vitatu, mirija iko wazi, twende. Haikuandikwa kwenye kitabu chochote, lakini kwa miaka kumi na tisa ilikuwa haijawahi kumwangusha mtu.

"Vua," alisema Shangazi.

Fundi alivua. Shangazi alimulika kila mdomo kwa tochi nyembamba: chuma kitupu, kinang'aa. Kisha akachomeka bomba la pampu yake ndogo kwenye mrija wa kushoto, na Fundi akaenda kukaa kwenye kiti cha kapteni asome geji.

"Sabini!" alipaza sauti. "Tisini. Mia na kumi."

"Kulia?"

"Sabini. Tisini. Mia na kumi."

Wa akiba nao ulijibu hivyo hivyo. Shangazi alishuka akajipangusa mikono. Hakuna nyigu, hakuna tope. Alikuwa hana sababu ya kuifunga ndege nzima isipokuwa wasiwasi, na wasiwasi hauna sehemu yake kwenye fomu. Saa tano kasorobo alitia saini ya ruhusa. Chini yake, kwa sababu ya wale viota saba, akaongeza amri kwa mkono wake mwenyewe: vifuniko virudishwe sasa hivi, na visivuliwe mpaka abiria waanze kupanda.

Fundi aliisoma, akatikisa kichwa kukubali. "Sawa kabisa. Basi hata vipimo vyangu vya mwisho nitafanya mirija ikiwa imevaa."

Meneja alikuwa ameshainyakua ile karatasi mkononi mwa Shangazi na sasa anamwomba kalamu. Shangazi akageuka kumpa. Hakuuliza vipimo gani.

*

Kapteni wa ndege iliyoanguka alimkuta hospitalini, kwenye ukumbi mwembamba nje ya wodi alimolazwa msaidizi wake. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, kifundo cha mkono kimefungwa bendeji, shati lile lile la siku ya ajali. Mbele yao walipita wauguzi na mama mmoja aliyebeba chupa ya chai.

"Mke wake yuko ndani," alisema Kapteni. "Mimi siingii. Nitamwambia nini?"

"Niambie mimi kwanza."

"Nimeshaandika."

"Umeandika karatasi. Nataka kusikia."

Kapteni alivuta pumzi. "Tuliongeza nguvu. Ndege ikaondoka vizuri, kama siku zote. Mwenzangu kazi yake ni kutaja mwendo. Akasema, 'Themanini.' Natazama geji yangu, hamsini na tano. Nikajua moja ni ya uongo, lakini ipi? Yake au yangu? Nikatazama tena. Yangu ikapanda, pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nikasema labda inamfuata. Halafu yeye akasema, 'Mia na tano,' na yangu bado sabini."

"Geji ya akiba?"

"Iko katikati, chini kidogo. Kusema kweli sikuitazama. Ukiwa pale, Shangazi, sekunde tatu ni fupi mno. Nilipofunga breki tulikuwa tumeshaipita soksi ya upepo."

Soksi ya upepo ilikuwa ule mfuko wa kitambaa uliotundikwa mlingotini kando ya barabara ya kurukia. Shangazi aliipima juzi kwa hatua zake mwenyewe: ukianza kufunga breki kabla ya soksi, barabara inakutosha. Ukiipita, mtaro unakungoja.

"Kabla ya kuondoka uliikagua mirija?"

"Niliizunguka ndege yote. Ilikuwa wazi. Nikauliza misumari, nikaonyeshwa vitatu."

"Ndani ya mdomo ulitazama?"

"Mdomo uko juu ya kichwa changu, na tundu lenyewe la kupitisha njegere." Alitazama mlango wa wodi. "Hapana. Sikutazama ndani. Niandikie hilo pia."

"Nadhani nyigu waliingia."

Kapteni alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nyigu gani? Nilifika nikakuta mirija imevaa vyekundu, na vilikaa usiku kucha. Vilivuliwa mbele yangu, abiria wakiwa tayari mlangoni. Dakika kumi na tano baadaye tulikuwa tunakimbia. Nyigu wa wapi huyo anajenga nyumba kwa robo saa? Mimi fundi wangu wa nyumbani ana mwaka wa tatu kwenye msingi."

Wote wawili walikaribia kucheka, na hakuna aliyecheka. Hoja ya nyigu, ambayo asubuhi ilisimama vizuri kwa miguu yote minne, ilikuwa imelala chini. Alishukuru, akasimama. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi na tano.

Simu yake ililia akiwa anafungua mlango wa gari. Alikuwa mtu wa maabara aliyepelekewa mrija wa ndege iliyoanguka.

"Shangazi, ule mrija wako nimeupasua. Tope ni la mtaroni, sawa, lakini limeishia mdomoni. Nyuma ya tope kuna kitu kingine."

"Udongo wa nyigu?"

"Hapana. Ni cheusi, kinang'aa, kimeganda ukutani mwa mrija na kuacha upenyo wa kupitisha sindano tu. Nimekichoma kidogo. Kinanuka kama kichana kilichoangukia jikoni."

"Plastiki?"

"Nailoni. Iliyeyuka, ikavutwa ndani, ikapoa."

Shangazi alifunga simu, akafungua buti la gari. Kwenye sanduku la vielelezo kulikuwa na mfuko wenye vifuniko vitatu vya ndege iliyoanguka, alivyoviondoa kwenye misumari siku ile ile. Alikuwa amevipiga picha, amevihesabu, ameviandikia namba. Hakuwa amevigeuza ndani nje. Sasa alikigeuza cha kushoto. Kwa nje kilikuwa kitambaa chekundu kisicho na neno. Kwa ndani kilikuwa na bitana nyeusi, na mwishoni, pale mdomo wa mrija unapokaa, bitana ilikuwa imejikunja na kuwa ngumu, na katikati kuna tundu la duara lenye kingo za kumeremeta. Kifuniko cha kulia kilikuwa na alama kama hiyo, hafifu.

Pembeni kulikuwa na mshono wa uzi wa njano, wa kwenda pogo. Mshono huo alikuwa ameuona mahali. Alikaa kwenye usukani akiutazama, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba aliuona juzi mtaroni, kwenye viti vya abiria.

Alimpigia Fundi. Simu iliita mpaka ikakatika. Alimpigia Meneja, akaambiwa yuko na wageni. Hakuupigia mnara wa kuongozea ndege, kwa sababu mirija ya ndege ya pili aliipima kwa pampu yake mwenyewe ikajibu vizuri, na hilo lilimtuliza. Hata hivyo aliendesha kwa kasi kuliko ilivyo kawaida yake, na kwenye mataa alipiga honi, jambo ambalo huwa analilaani kwa wengine.

*

Chumba cha ushonaji kilikuwa nyuma ya karakana: cherehani mbili, rundo la sponji, na mwanamke mnene mwenye futi ya kupimia shingoni. Wafanyakazi walimwita Mama Viti. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na tano.

Shangazi alikiweka kifuniko juu ya cherehani. "Mkono wako huu?"

Mama Viti alikitazama, kisha akatazama mlango. "Kimefanya nini?"

"Nimeuliza kwanza mimi."

"Ni wangu. Vile vya zamani vilichanika. Vipya vimeagizwa, huu mwezi wa nne hatujaviona. Shemeji akaniambia nishone vya kusogezea siku."

"Shemeji yako nani?"

"Fundi. Amemwoa dada yangu. Yeye ndiye aliyeniombea kazi hapa." Alianza kuikunja futi kidoleni. "Akasema nisitangaze, wasije wakasema tunajazana ukoo mmoja."

"Kitambaa ni cha viti. Na ndani?"

"Nailoni ya mwamvuli. Umande usiingie. Nilifikiri nafanya la maana, Shangazi. Vile vya zamani vilikuwa vizito, vigumu, kama turubai lisiloshika moto, lakini vilikuwa vinapitisha maji."

"Umeshona vingapi?"

"Sita. Vitatu vya ile, vitatu vya hii."

"Vilianza kuvaliwa lini?"

"Usiku wa kuamkia ajali. Zote mbili." Aliiachia futi. "Nitafukuzwa?"

Shangazi alikigeuza tena kifuniko. Nailoni haiyeyuki kwa umande wala kwa baridi ya asubuhi. Mirija ile ina waya wa moto ndani yake, ili huko juu isigande barafu, na ukiwashwa unawaka kama pasi. Lakini nani awashe pasi hiyo ndege ikiwa imelala, imevaa? Hapo ndipo yale maneno ya asubuhi yalipomrudia, yote, na sauti ya Fundi iliyoyasema. Vipimo vyangu vya mwisho.

Alitoka bila kuaga.

Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa wa karakana, redio ya mkononi imebanwa kwenye mkanda. Nyuma yake misumari yote mitatu ilikuwa imevaa vyekundu. Mahali pa ndege palikuwa patupu.

"Iko wapi?"

"Imeondoka mapema kidogo, abiria walitimia." Fundi alionekana mwenye furaha, maskini, kwa mara ya kwanza tangu juzi. "Inaelekea mwanzo wa barabara."

"Mirija unapimaje kama inashika moto?"

"Nawasha swichi, nashuka, nashika."

"Unashika nini?"

"Mrija." Alionyesha kwa mkono, kiganja kimezunguka kitu kisichokuwapo. "Juu ya kifuniko. Mwalimu wangu wa kazi aliwahi kuushika mtupu, ngozi ya kiganja ikabaki pale. Tangu siku ile mimi nashika juu ya kitambaa. Joto likipita, ninajua ni mzima."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Vile vya zamani havikuwahi hata kubadilika rangi."

"Na juzi?"

"Juzi nilifanya hivyo hivyo. Cha kushoto kilikaa motoni zaidi kidogo, niliitwa kwenye simu." Furaha ilianza kumtoka usoni. "Shangazi, kuna nini?"

"Na leo?"

"Leo nilitaka nisibahatishe. Nikaacha yote mitatu ikolee." Akageuka kuitazama misumari. "Saa saba na nusu. Wewe mwenyewe uliagiza visivuliwe."

Shangazi alikwapua kifuniko kwenye msumari wa kwanza, akakigeuza. Bitana imejikunja. Tundu la duara. Akavuta cha pili. Akavuta cha tatu. Vyote vitatu vilikuwa vile vile, na kimoja kilikuwa bado na uvuguvugu, au labda ni mkono wake.

Aliogopa. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwa ameogopa mbele ya ndege zilizokwisha kuanguka, kwa sababu hizo zilikuwa zimemaliza. Hii ilikuwa bado, na watu ishirini na saba walikuwa wamefunga mikanda kwa saini yake. Kule mwisho wa uwanja sauti ya injini ilipanda.

"Nipe redio!"

Fundi alikuwa ameganda. Shangazi aliichomoa mwenyewe.

"Mnara, hapa ni mchunguzi wa ajali. Simamisha ndege iliyoko barabarani."

"Anayeongea ajitambulishe na ataje namba ya kibali," ilisema sauti ya mwongozaji, taratibu, kama wanavyofundishwa.

Ndege ilikuwa imeshaanza kukimbia. Aliiona ikitokea nyuma ya kituo cha zimamoto, ndogo, nyeupe, ikijikusanya. Akakumbuka mtaro. Ndege ya kwanza haikuvunjwa na mrija, ilivunjwa na breki zilizochelewa. Akiisimamisha hii ikiwa imeshapita soksi ya upepo, ataipeleka kule kule kwa mdomo wake. Akiiacha iruke, marubani watakuwa hewani na geji tatu zinazodanganya, hawajui kama wanakwenda haraka au wanakaribia kudondoka. Alitazama soksi. Alitazama ndege. Ilikuwa bado upande wa huku, umbali wa uwanja mmoja wa mpira, na umbali huo ulikuwa unakwisha.

"Ni Shangazi!" alipiga kelele. "Hapa ni Shangazi! Geji zake zote ni za uongo! Isimamishe sasa hivi, bado ina nafasi, sasa hivi!"

Mlio wa redio, kisha sauti ile ile ikiwa haina tena utaratibu wowote: "Simama, simama, simama. Katisha."

Pua ya ndege iliinama. Injini zilinguruma kwa kinyume, na moshi wa matairi ukatoka chini ya mbawa. Ikaipita soksi ya upepo. Fundi alisema jina la Mungu, na akalirudia. Ndege ilikuwa bado inateleza, lakini sasa magurudumu yalikuwa yanaonekana yanazunguka, na kila gurudumu lilizunguka taratibu kuliko lilivyozunguka kabla. Ikasimama. Kati ya pua yake na mtaro, kulikuwa na urefu wa mabasi matatu, labda manne.

Shangazi aliirudisha redio kwa mwenyewe.

*

Waliivuta ndege mpaka karakana. Abiria walishuka wakinung'unika. Mmoja alitaka kujua nani atamlipia mkutano wake. Rubani wa ndege hiyo, mwanamke mrefu mwenye nywele zilizokatwa fupi, alishuka wa mwisho na hakunung'unika.

"Geji zilisema nini?" Shangazi alimuuliza.

"Arobaini. Zote tatu. Niliona barabara inakwisha haraka kuliko siku zote, nikasema labda ni macho yangu. Zingepishana ningesimama. Lakini zilikubaliana." Alijaribu kutabasamu, akashindwa. "Zilikubaliana, Shangazi. Nilikuwa nangoja zifike mia."

Shangazi alipanda ngazi na pampu. Rubani aliketi kusoma geji, na mara tatu alijibu kwamba mshale unajikokota. Shangazi alichukua waya mwembamba, akaukwangua mdomo wa mrija wa kushoto. Kilichotoka kilikuwa kikunjo cheusi, kinachong'aa, kisichofika ukubwa wa kucha. Alikitia kwenye mfuko wa kielelezo, akauandikia namba, saa na mahali. Mkono wake uliandika vizuri. Mikono ina mazoea yake.

Chini ya ngazi Meneja alikuwa amefika, amelowa jasho, ameshasikia yote kwa Fundi, na kwa mara ya kwanza hakuangalia saa.

"Mungu mkubwa," alisema. "Basi tumempata. Fundi, kumbe ni wewe. Unatumia nguo za kushonwa na shemeji yako, unazipiga pasi kwenye ndege yangu, halafu unakaa kimya siku tatu."

"Niliogopa atafukuzwa," alisema Fundi. Alikuwa ameketi kwenye benchi refu la mbao, ameivua miwani na kuipangusa kwa shati bila kukoma. "Sikujua kuhusu nailoni. Wallahi sikujua. Kuhusu kushona nilijua, nikaficha."

"Mficha uchi hazai," alisema Meneja. "Shangazi, andika. Juzi kosa la fundi, leo kosa la fundi. Kapteni wangu asafishwe. Tumalize leo leo."

"Kapteni atasafishwa. Hilo nitalisema popote."

"Basi andika."

Meneja alivuta meza ndogo, akaipangusa vumbi kwa mkono wake, akaweka kiti nyuma yake. Aliiweka hapo fomu ya ushahidi, na kalamu juu ya fomu. Hakuwahi kuwa mkarimu kiasi hicho.

Shangazi hakukikaribia kile kiti. Alitoa simu, akampigia mkuu wake wa ofisi, na aliongea pale pale mbele yao.

"Mkuu, nahitaji unitumie mchunguzi mwingine. Leo."

Walisikia sauti ya mkuu ikiuliza swali refu kidogo.

"Ndiyo, chanzo nimekipata. Cha juzi nimekipata. Cha leo, saa tano asubuhi mirija ilikuwa mizima, nimeipima mwenyewe. Ilizibwa saa saba na nusu, kwa sababu kuna mtu aliagiza kwa maandishi kwamba vifuniko visivuliwe, na fundi akamwambia atafanya vipimo mirija ikiwa imevaa, na huyo mtu hakumuuliza ni vipimo gani." Alisikiliza. "Hapana, mkuu. Siwezi kumhoji mimi. Saini ni yangu."

Alikata simu.

"Shangazi, usijitie kwenye mambo," Meneja alisema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma. "Nani aliiona hiyo karatasi? Mimi na wewe na huyu. Kiti chako hiki hapa, njoo ukae."

"Hicho ni cha atakayekuja kuuliza."

Alivua kitambulisho chake shingoni, akakiweka juu ya meza, pembeni ya fomu. Kisha akaenda kwenye benchi refu, mahali wanapokaa wanaosubiri kuhojiwa. Fundi alimtazama, akavaa miwani yake, na akasogea kidogo kumpisha.